Kugawa diski ya GPT kwenye kompyuta yenye BIOS ya zamani

Kompyuta ya BIOS (programu ya zamani inayoamsha kompyuta kabla ya mfumo endeshi) huwasha Linux vizuri tu kutoka kwenye diski ya GPT (mpangilio mpya wa kugawa diski), mradi GRUB, programu inayowasha Linux, imepewa mahali pa kukaa. Wengi hukwama hapo.

Kwenye MBR, mpangilio wa zamani wa kugawa diski, sekta ya kwanza ina baiti 512: 446 za programu ya kuwashia, 64 za jedwali la patisheni (vipande vya diski) nne, na 2 za alama ya mwisho. GRUB haienei kwenye baiti 446, kwa hiyo sehemu yake kubwa hukaa kwenye nafasi tupu iliyo kabla ya patisheni ya kwanza. Kwenye GPT nafasi hiyo huwa na mwenyewe: jedwali la GPT, kwa kawaida sekta namba 1 hadi 33 (ile ya kwanza kabisa ni namba 0). Ndiyo maana tunaitengea GRUB patisheni yake ya MiB 1.

Washa kompyuta kwa flashi ya Linux, kisha andika `ls /sys/firmware/efi`. Ukiambiwa folda hiyo haipo, umeingia kwa BIOS. Hakikisha jina la diski kwa `lsblk`, na uhamishe mafaili yako kwanza, maana kila kitu kitafutika:

```
sudo parted /dev/sda
mklabel gpt
mkpart grub 1MiB 2MiB
set 1 bios_grub on
mkpart linux ext4 2MiB 100%
quit
sudo mkfs.ext4 /dev/sda2
```

Usiifomati sda1, yaani patisheni ya GRUB, kabisa. GRUB huandika humo moja kwa moja, bila mfumo wowote wa mafaili. Ukiifomati baadaye, kompyuta haitawaka.

Weka Linux kwenye sda2. Kama GRUB haikuwekwa, rudi kwenye flashi:

```
sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo grub-install --target=i386-pc --boot-directory=/mnt/boot /dev/sda
```

Mwishoni ni `sda`, yaani diski nzima, si `sda1`. Ukipata ujumbe wenye maneno `embedding won't be possible`, ulisahau `bios_grub`.

GRUB imekubali lakini BIOS inadai hakuna diski ya kuwashia? Baadhi ya BIOS hukataa diski isiyo na patisheni iliyotiwa alama ya kuwashia kwenye MBR, ambayo hata diski ya GPT huibakiza kwenye sekta ya kwanza. Itie:

```
sudo parted /dev/sda disk_set pmbr_boot on
```

Windows ni habari nyingine: kwa BIOS haiwaki kutoka GPT. Itumie MBR, ambayo kwa sekta za baiti 512 hufika TiB 2 tu.