Kujipima presha, kiuno na sukari nyumbani, hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kupima watu presha na sukari, na siku hizi naletewa simu zimejaa grafu, hatua ngapi, usingizi mzito dakika ngapi, oksijeni sijui asilimia ngapi, ila nikiuliza presha yako ukiamka huwa ngapi, kimya. Saa janja iko poa kwa mapigo na hatua, kwenye usingizi inakisia tu upi mzito upi mwepesi, kwahiyo usikose usingizi kwa ajili ya ripoti ya usingizi. Na zile hatua 10,000 wala hazikutoka maabara, zilianza Japani 1965 na kimashine cha kuhesabu hatua kilichokuwa kinatafutiwa soko. Tuanze.

Hatua ya 1: daftari kwanza, mashine baadae

Chora safu za tarehe, saa, presha, mapigo, alafu moja pana kuliko zote uiite "jana ilikuwaje". Humo andika umelala masaa mangapi, umekaa kitako muda gani, pombe, sigara, chakula cha chumvi nyingi, umekesha na simu, mmegombana na mtu kazini, chochote. Hii safu ndo inayofanya kazi, bila hiyo utaona 148 utaogopa bure wakati jana ulilala masaa manne.

Hatua ya 2: presha, na hapa usiharakishe

Tumia mashine ya kufunga juu ya kiwiko, za kifundo cha mkono zinadanganya kirahisi ukikosea tu mkao. Kafu, yaani ule mkanda unaojaa upepo, ikutoshe, ikiwa ndogo kwa mkono mnene itakupa namba kubwa ambayo sio yako. Nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute, usifanye mazoezi, na nenda chooni kwanza maana mkojo uliobanwa nao unapandisha. Kaa kwenye kiti, mgongo umeegemea, miguu yote chini, usikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kafu kwenye ngozi sio juu ya sweta, alafu tulia dakika 5 bila kuongea na simu iwe mbali. Watu wengi wanapima huku wanachat, au wametoka kupanda ngazi, sasa hapo unapima ngazi.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, ule wenye namba kubwa ndo utautumia siku zote. Baada ya hapo ni asubuhi kabla ya kula na kabla ya dawa, na jioni, kila mara vipimo 2 vikiachana dakika 1, kwa siku 7. Andika vyote, hata usivyovipenda.

Hatua ya 3: piga wastani

Tupa siku ya kwanza, mwili bado unashangaa mashine, vinabaki vipimo 24, tafuta wastani wa namba za juu na wa namba za chini (kwenye 135/85, ya juu ni 135, ya chini ni 85). Kwa nyumbani miongozo mingi inahesabu 135/85 kwenda juu kuwa presha ya kupanda, Marekani wao wanaanzia 130/80, na ile 140/90 unayoisikia ni ya kupimiwa kliniki. Wapo ambao inapanda wakiona tu koti jeupe, na wapo wa kinyume, kliniki safi nyumbani juu, hawa ndo wananipa hofu maana hakuna anaewashtukia.

Ukiona 180/120 au zaidi, tulia dakika chache urudie. Ikibaki hapohapo na una maumivu ya kifua, pumzi inakata, upande mmoja umelegea, macho hayaoni vizuri au maneno hayatoki, funga daftari uende hospitali sasa hivi. Kama huna dalili, bado mtafute daktari siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: kiuno

Dakika moja tu. Tepu ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usibane tumbo (namjua nani anabana). Kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako, mwenye sm 170 asifike 85. Mara moja kwa mwezi inatosha. Uzito nao usipime kila siku, maji na chumvi peke yake vinausogeza kilo moja au mbili.

Hatua ya 5: sukari

Kama huna kisukari huna haja ya kujichoma kila asubuhi. Ukipima, uwe hujala masaa 8, maji ruksa, na osha mikono ikauke, kidole kilichoshika tunda kinapandisha namba. Kwa mashine inayosoma mmol/L, chini ya 5.6 ni kawaida, 5.6 mpaka 6.9 ni onyo, 7.0 kwenda juu kahakikishe maabara, kimashine cha nyumbani hakitoi hukumu. Kama chako kinasoma kwa miligramu (mg/dL) zidisha namba hizi kwa 18, yaani 7.0 ni 126. Maabara omba HbA1c, kipimo cha damu kinachoonesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 kwahiyo huwezi kuidanganya kwa kufunga jana usiku.

Hatua ya 6: badilisha kitu kimoja

Sasa soma ile safu pana. Mara nyingi inajisema yenyewe, siku za usingizi mfupi presha iko juu, usiku wa pombe mapigo ya asubuhi yamepanda. Chagua kimoja tu, mfano kutembea dakika 10 baada ya kula badala ya kurudi kwenye kiti, au chumvi chini ya gramu 5 kwa siku ukihesabu na iliyomo kwenye vya pakiti, kaa nacho wiki kadhaa alafu rudia zile siku 7. Ukibadilisha vitano kwa mpigo hutajua kipi kimekusaidia. Dawa usiache wala kupunguza mwenyewe, hata namba zikiwa nzuri, inawezekana ni nzuri kwasababu ya hiyo dawa.

Ukienda kwa daktari beba daftari na mashine yenyewe, mwambie aipime pamoja na yake kwenye mkono uleule.