Kutoka Raga ya Kisumu hadi NFL: Njia Waliyopita Wajerumani na Unavyoweza Kuifuata

Mtu aliyezaliwa mbali na Marekani anafikaje NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani? Waangalie Wajerumani, maana hawakupita mlango mmoja. Sebastian Vollmer alianzia klabu ya Düsseldorf, akasomea Chuo Kikuu cha Houston, na New England Patriots wakamchagua mwaka 2009 kwenye drafti, zoezi la kila mwaka ambapo timu za NFL huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Björn Werner wa Berlin alivuka mapema zaidi: alisoma sekondari Marekani, akaenda chuo cha Florida State, na Indianapolis Colts wakamchukua raundi ya kwanza mwaka 2013. Moritz Böhringer hakupita chuo cha Marekani kabisa. Alitoka klabu ya Schwäbisch Hall hadi timu ya Vikings, drafti ya 2016, raundi ya sita. Jakob Johnson wa Stuttgart alisomea chuo cha Tennessee, akarudi kuchezea klabu ya kwao, ndipo akaingia Patriots mwaka 2019 kupitia IPP (International Player Pathway), mpango ambao NFL iliuanzisha 2017 kwa wachezaji wa nje.

Umri wako ndio unaochagua mlango. Kama bado uko sekondari, lenga chuo cha Marekani. Kama umeshamaliza shule na unachezea klabu ya raga Kisumu, Nakuru au Kakamega, mlango wako ni IPP. Si ndoto ya mchana: hata kabla ya IPP kuanza, Mkenya Daniel Adongo alitoka raga akasajiliwa na Colts mwaka 2013 kabla hajacheza hata mechi moja ya futiboli ya Marekani.

Chagua nafasi kabla ya kuanza mazoezi, kwa sababu kila nafasi ina mwili wake. Winga wa mita 1.85 na kilo 90 anafaa kuwa risiva (mpokea pasi) au beki wa pembeni (anayemkaba risiva). Flanka wa kilo 105 anaweza kuwa laini-beka, mlinzi anayesimama nyuma ya laini ya mbele. Loki au propu mwenye mita 1.95 apelekwe laini ya mbele, lakini huko kilo 120 ni chache. Wengi wanazidi 135. Ukiongeza uzito, nusu kilo kwa wiki inatosha. Mayai, omena, maharagwe, njugu na maziwa vitakufikisha bila poda za bei. Ukiharakisha utaongeza tumbo, na mbio zitapungua.

Kipimo kinachoulizwa kwanza ni mbio za yadi 40, na hapo ndipo vijana wengi wa kwetu hujiumiza wenyewe. Yadi 40 ni mita 36.58, si mita 40. Hizo mita 3.42 za ziada zinakuongezea karibu sekunde 0.4, tofauti ya kuitwa na kutoitwa. Pima kwa tepu ndefu, usihesabu hatua. Weka alama pia kwenye mita 9.14 (yadi 10), maana makocha wa laini hutazama kipande hicho kuliko mbio nzima. Anza ukiwa umeinama, mkono mmoja chini, na saa ianze mwili unapotikisika, bila filimbi. Kosa la kawaida ni kusimama wima kwenye hatua ya pili. Kaa chini hadi kama mita 10. Saa ya mkononi hutoa muda mzuri kuliko ya elektroniki kwa takriban sekunde 0.2, kwa hiyo ukiandika 4.5 sema imepimwa kwa mkono. Kisumu pima asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijalowesha nyasi.

Lakini mbio peke yake hazitoshi. Böhringer alikimbia 4.43, na bado hakucheza hata mechi moja ya msimu wa kawaida wa NFL.

Kazi ngumu ni kuvunja tabia za raga. Propu amezoea kushika jezi. Kwenye futiboli, ukimzuia mpinzani mikono yako iwe ndani ya kifua chake, viganja wazi. Ukimshika nje ya mabega na kumvuta, ni adhabu ya yadi 10. Winga naye hukata kona kwa mviringo, na beki anapata muda wa kumfikia. Kimbia yadi 10, kanyaga kwa mguu wa nje, geuka kwa pembe kali, hatua moja tu. Rudia hadi nyasi zianze kuchakaa mahali pamoja. Pumzi nayo ibadilishwe: kila mpira unapoanza kuchezwa, pambano huchukua sekunde 4 hadi 6, kisha mnapanga upya. Fanya mbio kali za sekunde 6, pumzika 35, mara 10 kwa seti. Dakika 80 za raga hazikufundishi hilo.

Usikabane kwa nguvu bila helmeti na pedi. Kofia laini ya skramu hailindi ubongo, na helmeti ya mtumba yenye ufa ni hatari vilevile. Anza na futiboli ya bendera, ambapo unachomoa bendera kiunoni mwa mpinzani badala ya kumkaba, watano kila upande. Itachezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028.

Video ya kuwatumia makocha iwe dakika 3 hadi 5, matukio bora yatangulie, na mshale ukuonyeshe kabla mpira haujaanza kuchezwa. Piga kutoka juu, kwenye jukwaa au nyuma ya pikapu iliyoegeshwa karibu na mstari wa kati. Andika urefu, uzito na tarehe ya kuzaliwa.

Kwa chuo, NCAA (chama cha michezo ya vyuo Marekani) ya daraja la kwanza inataka masomo 16 ya msingi ya sekondari, basi tunza cheti cha KCSE na matokeo ya kila muhula. Vyuo vya Division III (daraja la tatu) havitoi ufadhili wa michezo. Usipoteze barua huko ukitafuta karo. Chuo kikikukubali kitakutumia fomu ya I-20, na bila hiyo hakuna mahojiano ya viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Drafti yenyewe inakutaka uwe na miaka mitatu tangu umalize sekondari.

Ukiingia IPP, tarajia wiki kadhaa za mazoezi Florida, kisha majaribio mbele ya wasaka vipaji wa timu. Tangu 2024 kila timu inaruhusiwa nafasi ya ziada ya mchezaji wa nje kwenye kikosi cha mazoezi. Wakala halali wa NFL amesajiliwa na NFLPA, chama cha wachezaji wa NFL, na hulipwa kutoka kwenye mkataba wako, asilimia isiyozidi 3. Anayekutaka utume pesa kwa M-Pesa kwanza ili akupeleke majaribio, mfungie simu.