Kuandaa teksi kwa ukaguzi wa leseni: anza na tairi, malizia na mita

Wadau, mpangilio wa kazi ndio unaowagharimu wengi. Mtu anapeleka mita (kifaa cha kuhesabu nauli) ikapimwe na kufungwa lakiri, yaani muhuri wa kuzuia isichezewe, halafu anakumbuka kuwa tairi zimeisha. Akishafunga mpya, kipimo cha mita hakiko sawa tena na analipia upimaji mara ya pili. Fuateni hatua kama zilivyopangwa.

Hatua ya 1: Karatasi

Chukua masharti ya leseni ya mwaka huu kwenye ofisi ya halmashauri; usitegemee nakala ya zamani wala maneno ya kijiweni. Angalia ukomo wa umri wa gari, idadi ya abiria, rangi au mstari wa ubavuni na vifaa vya lazima. Bima iseme wazi kuwa gari linabeba abiria kwa malipo.

Linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bodi, herufi kwa herufi. Namba za mfumo wa herufi na tarakimu 17 hazitumii I, O wala Q, kwa hiyo ukikuta O kwenye fomu, ujue aliyeandika alikusudia sifuri. Kama namba imezibwa na grisi, ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Usiiguse kwa msasa wala brashi ya waya: mikwaruzo juu ya namba humfanya mkaguzi ashuku kuwa imechezewa.

Hatua ya 2: Tairi na miguu ya mbele

Kina cha kashata (meno ya tairi) kinachokubalika katika nchi nyingi ni kuanzia milimita 1.6. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo. Kashata zikilingana navyo, tairi imekwisha. Soma pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kabla ya kununua mpya, tazama ya zamani imelika wapi. Ikilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Ikilika katikati, upepo ulizidi. Ikilika upande wa ndani tu, mara nyingi alaimenti (mpangilio wa magurudumu) imehama au kuna bushi (mpira wa kwenye maungio) iliyokufa, na tairi mpya italika vilevile.

Inua gurudumu la mbele kwa jeki, weka stendi, kisha lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha ni beringi. Ukibaki, angalia bolijointi, kiungo cha duara kinachoshika gurudumu. Shika tena kushoto na kulia: likicheza huku, anza na tairodi, fito ya stelingi. Badilisha kilichochakaa, ndipo upime alaimenti. Ukiipima kabla, umepoteza hela.

Hatua ya 3: Breki

Mashine ya kupimia hulinganisha nguvu ya gurudumu la kushoto na la kulia. Pedi zinaweza kuwa mpya na gari likafeli, kwa sababu pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi) zimekwama upande mmoja. Zichomoe, zisafishe, zipake grisi ya breki inayohimili joto. Usitumie grisi ya kawaida, inavimbisha mpira wa pini.

Hatua ya 4: Taa

Indiketa ikipepesa haraka kuliko kawaida, tafuta balbu iliyoungua upande huo. Ukifungua swichi, taa za onyo za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) na eabegi ziwake, kisha zizime zenyewe. Isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayobaki inawaka, maana mkaguzi atadhani balbu imetolewa ili kuficha hitilafu.

Hatua ya 5: Mita

Mita haijui kilomita. Inahesabu mizunguko ya gurudumu. Tairi ya saizi ya 195/65R15 ina kipenyo cha takribani milimita 634. Ikilika kutoka kina cha milimita 8 hadi 1.6, kipenyo kinapungua karibu milimita 13, yaani asilimia 2. Gurudumu linazunguka zaidi kwa safari ileile, na abiria anatozwa kilomita 102 kwa safari ya 100. Ukipimia tairi zilizolika halafu ukafunga mpya, hasara inakuwa yako. Ndiyo maana mita inapimwa baada ya tairi, upepo ukiwa sawasawa na maelekezo ya mtengenezaji wa gari.

Baada ya upimaji, soma namba ya lakiri mwenyewe na uilinganishe na cheti kabla ya kuondoka. Tangu hapo fundi umeme asiguse waya za mita. Abiria hana njia nyingine ya kujua kuwa anatozwa haki, kwa hiyo lakiri iliyokatika ichukulie kwa uzito hata kama mita inasoma vizuri.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Ondoa mizigo kwenye buti, mtungi wa kuzimia moto uwe na mshale kwenye kijani, na taa ya juu ya paa ifanye kazi kama masharti yanavyotaka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, nikitoa rimu 15 nikaweka 16, lazima nipime mita upya?

Jibu: Angalia kipenyo cha tairi nzima, si rimu peke yake. Kutoka 195/65R15 kwenda 205/55R16 tofauti haifiki hata nusu asilimia. Lakini kushuka hadi 185/70R14 ni asilimia 3, na mita itazidisha nauli. Ukibadilisha saizi yoyote, uliza kwanza ofisi iliyofunga lakiri, na hakikisha saizi hiyo inaruhusiwa kwa gari lako.

Swali: Kwenye foleni mita inaruka bila gari kusogea. Ni mbovu?

Jibu: Hapana, ndugu. Mita nyingi hubadili kutoka umbali kwenda muda gari likiwa polepole. Gawanya bei ya saa kwa bei ya kilomita: kama saa ni 200 na kilomita ni 10, chini ya kilomita 20 kwa saa inahesabu muda. Mweleze abiria kabla ya safari.

Swali: Kaka, naegesha teksi nyumbani, na uani kuna injini mbovu na madumu ya oili. Halmashauri imeniletea ilani ya usafi wa kiwanja. Nifanyeje?

Jibu: Usiipuuze. Soma kifungu kilichotajwa na tarehe ya mwisho, kwa sababu muda ukipita halmashauri nyingi zina mamlaka ya kusafisha zenyewe na kukudai gharama. Piga picha uwanja ulivyo sasa. Oili chafu iweke kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke kwa wakusanyaji wanaotambuliwa. Usiimwage mtaroni wala kuichoma. Injini itolewe, au iwekwe chini ya paa juu ya sakafu ya zege kama sheria ndogo zinaruhusu. Ukimaliza piga picha tena, andika barua ya kuomba ukaguzi wa marudio kabla ya tarehe ile, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama unahitaji muda zaidi, omba kwa maandishi sasa hivi, usingoje siku ya mwisho.

Swali: Nikifeli ukaguzi naruhusiwa kuendelea na kazi?

Jibu: Soma karatasi ya matokeo. Kasoro ya hatari, kama breki au stelingi, gari lisitembee mpaka litengenezwe. Kasoro ndogo kwa kawaida hupewa siku za kurekebisha. Rudi na orodha ileile ili mkaguzi atie alama palepale.