Unakoroma na pumzi inakatika? Vipimo vya kuomba

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya presha. Mgonjwa anayeniumiza roho ni yule anayemeza dawa tatu bila kuruka, moja ikiwa ya kukojoza, na bado presha yake inazidi 140/90. Hapo namgeukia mkewe: Mama, baba anakoroma? Kuna wakati ananyamaza kabisa, kisha anashtuka akitafuta hewa? Mrekodi kwa simu, daktari aone.

Huenda ana ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini (sleep apnea), ambao hupandisha presha. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha. Unapimwa ukiwa umelala, wakihesabu pumzi inakatika au kupungua mara ngapi kwa saa: chini ya 5 ni kawaida, 30 kwenda juu ni hali kali. Damu na mkojo vinaonyesha madhara yaliyokwisha kuingia.

Anza na presha. Nyumbani, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo. Mashine ya kuvaa saa 24 ni bora zaidi, kwa sababu usiku presha inatakiwa kushuka angalau asilimia 10. Kwa anayekatika pumzi mara nyingi haishuki: kila oksijeni inapopungua, mwili unamwaga adrenalini.

Omba na sukari ya miezi mitatu, yaani HbA1c. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari, 5.7 hadi 6.4 unakikaribia. Kama una selimundu au umeongezewa damu karibuni, sema mapema, maana jibu litapotosha. Ongeza mafuta ya damu, kreatinini na albumini ya mkojo (vyote viwili vya figo), na ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Kipimo ambacho wengi hawakiangalii ni baikaboneti, na mara nyingi kimo kwenye karatasi ya elektrolaiti, yaani chumvi za damu. Kwa mtu mnene anayesinzia mchana, 27 mmol/L au zaidi huashiria kwamba huenda kabonidayoksaidi inabaki mwilini hata akiwa macho. Muonyeshe daktari namba hiyo siku hiyo hiyo, na usiguse dawa za usingizi wala pombe.

CRP, kipimo cha damu cha uvimbe mwilini? Kama pesa ni ya kubana, iache. Inapanda kwa mafua, kwa jino bovu, hata kwa unene wenyewe.

Ukianza kulala na mashine ya kusukuma hewa (CPAP), inayozuia pumzi isikatike, endelea kuandika presha. Kwa kawaida hushuka kidogo tu, kwa hiyo usiache dawa kwa uamuzi wako. HbA1c irudie baada ya miezi mitatu. Kabla ya hapo bado inabeba sukari ya zamani.