Kushona tutu ya baleti: kazi inaanzia kwenye chupi

Ukiitazama tutu, sketi ya mchezaji wa baleti, jukwaani unaona sahani nyeupe imetanda nyongani mwa mchezaji, ikitikisika kidogo kila anapotua. Kazi yenyewe huioni. Chini ya tabaka la juu lililopambwa mna matabaka mengine tisa au zaidi, kila moja fupi kuliko lililo juu yake, na karibu yote yameshonwa kwenye chupi. Anayeanza hukimbilia marembo. Fundi huanza na kile kitabaka cha sentimita 4 kilicho chini kabisa, kwa sababu ndicho kinachobeba cha pili, cha pili kikabeba cha tatu, hivyo hivyo hadi juu. Chini kukilegea, hakuna kinachoweza kusimama juu.

Zamani haikuwa hivi. Mwaka 1832 mchezaji Marie Taglioni alipocheza baleti ya La Sylphide mjini Paris alivaa sketi nyeupe, laini, yenye umbo la kengele, iliyoacha vifundo vya miguu wazi ili watu wamwone akisimama kwenye ncha za vidole. Ufundi wa miguu ulipokua, sketi nayo ikapanda. Mchezaji Pierina Legnani alipozunguka mara 32 juu ya mguu mmoja katika baleti ya Swan Lake mwaka 1895, mjini Saint Petersburg, watazamaji walitaka kuuona mguu wenyewe ukifanya kazi, si kitambaa kikipepea. Katika karne ya 20 sketi ilifika kwenye nyonga na kulala bapa kabisa. Maelezo haya ni ya aina hiyo fupi, yenye waya ndani, kwa mtu mzima mwenye nyonga ya sentimita 90.

Vipimo vinne ndivyo vyenye kuponza. Kifua kipimwe mchezaji akiwa amevuta pumzi yote, maana bodisi, yaani sehemu ya vazi inayobana kiwiliwili, iliyopimwa mtu akiwa ametulia itambana katikati ya dansi. Kiuno ni kiuno. Nyonga ipimwe sentimita 8 chini ya kiuno, pale mfupa unapoanza kujitokeza, si kwenye unene wa makalio. Cha nne ni kutoka kiunoni mbele, kupita katikati ya miguu, hadi kiunoni nyuma. Ongeza sentimita 2. Kipimo hiki kikipunguka, kila mchezaji anapojipinda nyuma chupi itaivuta sketi, na sahani itainama mbele. Wengi huulaumu waya, kumbe kosa liko kwenye chupi.

Chupi ikatwe kwa kitambaa cha pamba kisichovutika. Kinachovutika kinakaa vizuri mwilini, lakini mistari kumi ya marinda ikishapita juu yake, uzi unakatika mara ya kwanza inapovaliwa. Unganisha kipande cha mbele na cha nyuma ubavuni, acha mgongoni na katikati ya miguu wazi ili kitambaa kilale mezani. Juu yake shona mkanda wa nyonga wenye kimo cha sentimita 8, unaotoka kiunoni hadi sketi inapoanzia. Kisha chora mistari kwa chaki: wa kwanza kwenye mshono wa mkanda, mingine tisa ikifuata chini kwa nafasi ya sentimita 1.2. Miwili ya mwisho itakutana na matundu ya miguu; iache ifuate mviringo wa tundu.

Neti iwe ya nailoni ngumu, upana wa mita 1.4. Mita 8 zinatosha. Tuli, ile neti laini ya matundu madogo iliyopewa jina la mji wa Tulle nchini Ufaransa, inafaa kwa tabaka la juu peke yake. Ukiitumia kote utapata sketi inayolala kama shela. Kata vipande kwa kufuata upana wa neti, kila kimoja kikiongezwa sentimita 1 ya mshono. Urefu wa matabaka, kuanzia chini, ni sentimita 4, 7, 10, 14, 18, 22, 26, 30, 33 na 36. Matabaka matatu ya kwanza yapate vipande viwili viwili vilivyounganishwa, matatu yanayofuata vitatu vitatu, na manne ya juu vinne vinne, yaani mita 5.6 kila tabaka.

Hapo ndipo watu wanapobania neti, kwa hiyo ipigwe hesabu. Nyonga ya sentimita 90 ni duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 14. Ongeza 36 za sketi, unapata 50, na mzunguko wa duara la namna hiyo ni mita 3.14. Kwa hiyo hata ukingo usiokuwa na rinda hata moja unahitaji zaidi ya mita tatu. Ukikata mita 2.5 kwa kubana matumizi, ukingo hautafika, utajivuta chini, na utakuwa umeshona mwavuli uliofunguka nusu. Mita 5.6 zinakupa ukingo wenye mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo yanayoliinua tabaka la juu yake.

Kabla ya kukunja marinda, gawanya kila ukanda mara nane na utie alama. Gawanya pia mstari wa chaki mara nane, halafu bana alama kwa alama. Asiyefanya hivyo humaliza neti nyingi mbele na kufika mgongoni akiwa na marinda ya kuhesabika. Shona kuanzia chini kwenda juu, matabaka yaliyokwisha yakiwa yamelazwa kuelekea miguuni. Sindano namba 90, mshono wa zigzagi wenye urefu wa milimita 3, na mwendo wa polepole. Marinda yakirundikana mbele ya mguu wa cherehani, simama uyapange kwa ncha ya mkasi, usiyasukume kwa kidole. Matabaka manne ya juu ukipenda yakate meno meno ukingoni, yanapokea taa vizuri zaidi. Ukimaliza ndipo ufunge katikati ya miguu, utie lastiki kwenye matundu ya miguu, na upachike kulabu mgongoni.

Sasa waya. Unatumika waya bapa wa chuma, upana wa milimita 5 au 6, ndani ya mfereji wa utepe ulioshonwa kwenye tabaka la saba, sentimita 20 kutoka nyongani. Duara hapo lina mzunguko wa takriban mita 2.14, kata mita 2.2 ili ncha zipishane, na zifunike vizuri kwa plasta, la sivyo zitatoboa neti na baadaye mkono wa anayembeba mchezaji. Usifunge ncha moja kwa moja kabla ya kujaribisha. Waya mfupi unaizuia sketi kutanda, inashuka pande zote kama bakuli lililofunikwa. Mrefu kupita kiasi unaikunja mawimbi, kama sahani ya bati iliyokanyagwa. Vuta au legeza sentimita moja moja hadi ilale.

Kinachobaki ni kupiga bandi, yaani kuyashikiza matabaka pamoja kwa mishono ya mkono iliyolegea, na hapa pana sanaa kuliko popote. Geuza tutu juu chini, miguu ya chupi ikitazama dari. Kwa uzi imara, unganisha matabaka yote kwa vitanzi vilivyolegea sentimita 1.5 kutoka tabaka moja hadi jingine, ukiacha sentimita 10 kati ya bandi na bandi, kwa mizunguko mitatu: karibu na nyonga, katikati, na karibu na ukingo. Ukikaza uzi, juu patatokea vishimo kama vya godoro na sketi itakufa, haitatikisika tena. Ukilegeza mno, mzunguko mmoja wa kasi utayapindua matabaka ya chini yatokeze juu.

Jukwaa lenye wachezaji wengi lina tatizo jingine: waya wa mmoja ukigongwa na jirani, sahani nzima inainuka upande wa pili. Kwa ajili hiyo Barbara Karinska, fundi aliyemshonea mtunzi wa baleti George Balanchine huko New York, mwaka 1950 aliuondoa waya kabisa katika mavazi ya baleti ya Symphony in C. Alipunguza matabaka, akayafupisha na kupiga bandi kwa kulegeza, neti ikajibeba yenyewe. Kama unashonea kundi zima, mtindo huo ni bora. Umbo linakuwa la kifundo cha manyoya kuliko sahani.

Bodisi ishonwe peke yake, vipande nane hadi kumi na viwili, na bitana ya pamba nzito. Iunganishe na mkanda wa nyonga mbele na nyuma tu, kwa mishono ya mkono, ubavuni paachwe huru. Ikishonwa pande zote, mchezaji akiinua mkono sketi nayo itainuka. Mgongoni weka safu mbili za vitanzi, maana nguo moja hurithiwa na miili mingi.

Tahadhari ya moto si ya kupuuzwa. Mchezaji wa baleti Emma Livry alikataa sketi iliyotiwa dawa ya kuzuia moto kwa kuwa ilikakamaza na kuchafua rangi ya kitambaa. Novemba 1862, akiwa mazoezini mjini Paris, sketi yake ilishika moto wa taa ya gesi, akafariki mwaka uliofuata. Nailoni ya leo huyeyuka na kuganda mwilini. Pasi isiiguse kabisa: nyoosha kwa mvuke, kutokea chini, kwa umbali wa kiganja.

Tutu haifuliwi kwa maji. Harufu ya jasho kwenye bodisi huuliwa kwa kupuliza vodka isiyo na harufu upande wa ndani, kisha inaachwa ipate hewa. Hifadhi kwa kuitundika juu chini kwa kushika chupi, au ndani ya mfuko bapa wa duara, tabaka la juu likitazama chini. Ikitundikwa wima kama gauni, mwezi mmoja unatosha kuirudisha kuwa kengele ya Taglioni.