Somo: Kufungua, kusafisha na kutia grisi habu za baiskeli ya zamani

Toa gurudumu la mbele kwenye baiskeli, shika ncha mbili za ekseli (fimbo ya chuma inayopita katikati ya gurudumu) kwa vidole, kisha mwambie mtu alizungushe polepole. Ukihisi mkwaruzo kama kuna mchanga ndani, au ekseli inakwamakwama, grisi imekauka. Usiendelee kuiendesha. Nitaeleza kwa nini.

Habu, yaani vitovu vya magurudumu, za zamani nyingi ni za vikombe na koni. Kila upande kuna kikombe cha chuma kigumu, ndani yake zinazunguka gololi, na koni iliyofungwa kwenye ekseli inazizuia zisitoke. Gololi zinabadilishwa. Koni inabadilishwa. Lakini kikombe kwa kawaida kimeshindiliwa ndani ya habu, na kikishatoboka vishimo ni vigumu mno kukiokoa. Kwa hiyo kila ninachokielekeza hapa kina shabaha moja: kukilinda kikombe.

Andaa spana nyembamba za koni (mbele mara nyingi milimita 13, nyuma 15), spana ya kawaida ya nati ya nje, grisi, mafuta ya taa, matambara, sumaku na sinia yenye kingo. Spana nene haiingii kwenye koni. Ukiilazimisha utakula kingo za koni.

Hatua ya 1. Kama ni gurudumu la nyuma, toa friwili (meno ya nyuma yanayoshika cheni) kwanza kwa kifaa chake, wakati ekseli bado imekaa imara. Kisha pima kwa rula ekseli imejitokeza kiasi gani kila upande, uandike. Piga na picha ya mpangilio wa washa.

Hatua ya 2. Fungua upande mmoja tu, wa kushoto. Upande wa cheni uache ulivyo, ndio utakaokurudishia vipimo. Zuia koni kwa spana nyembamba, legeza nati ya nje, toa washa, halafu koni. Laza gurudumu juu ya sinia na uvute ekseli taratibu, maana gololi zitaanza kudondoka. Zihesabu kila upande kivyake, uandike. Kawaida mbele huwa 10 za inchi 3/16 kila upande, nyuma 9 za inchi 1/4. Lakini usikariri: habu za mbele za Campagnolo Record hutumia 9 za inchi 7/32, na tofauti yake na 3/16 haifiki hata milimita moja. Jicho halitakwambia. Pima.

Hatua ya 3. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, ukague kwenye mwanga. Kwenye koni utaona mstari ambako gololi hupita. Mstari laini unaong'aa hauna neno. Pitisha ncha ya kalamu ya wino juu yake polepole. Ikidumbukia kwenye kishimo, hata kidogo kama punje ya chumvi, koni hiyo haifai tena. Fanya hivyohivyo kwenye kikombe. Ekseli ibiringishe juu ya kioo, ikiyumba imepinda. Gololi mimi hubadilisha zote kila nifunguapo, hata zinazoonekana nzima.

Hatua ya 4. Jaza grisi kikombeni, panga gololi zitulie humo, kisha zifunike kwa grisi nyingine. Lazima ibaki nafasi ndogo kati yao. Zikibanana bega kwa bega, umezidisha moja. Rudisha ekseli kwa upande wa kulia, kisha koni ya kushoto kwa mkono.

Hatua ya 5. Hapa ndipo habu nyingi huharibiwa na mwenyewe. Kaza koni kwa vidole mpaka iguse gololi, irudishe nyuma kidogo, chini ya robo mzunguko, kisha izuie kwa spana ukikaza nati ya nje. Nati hiyo inapokaza huisukuma koni ndani, ndiyo maana lazima uanze na ulegevu kidogo. Sasa zungusha ekseli kwa vidole: iteleze bila kukwaruza, na ukiitikisa juu na chini isigonge. Ikikwama, legeza urudie. Mimi hurudia mara tatu, nne, na sioni kuwa nimepoteza muda, kwa sababu koni iliyobanwa kupita kiasi huchimba kikombe hata kama grisi ni mpya.

Gurudumu likisharudi kwenye fremu, liinue, uliache lenyewe. Upande mzito ushuke, upite, urudi, ubembee mara kadhaa kabla ya kusimama.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, shikamoo. Yangu ekseli ina tundu katikati na inafungwa kwa mkono wa chuma. Nimeirekebisha vizuri mezani, nikiifunga kwenye fremu inakaza.
Jibu: Marahaba. Mkono ule unapobana huiminya ekseli kidogo. Acha mezani ulegevu mdogo sana, unaotoweka ukishafunga. Rekebisha, funga, jaribu, mpaka uupate.

Swali: Mkuu, habu yangu ina kitundu katikati kimefunikwa na kibati cha springi. Nisukume grisi humo?
Jibu: Hapana ndugu, hicho ni cha oili. Chagua moja. Ukishatia grisi, usidondoshee tena oili, itaiosha.

Swali: Na habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer?
Jibu: Somo hili usilitumie huko ndani. Modeli yao ya AW, iliyoanza kutengenezwa 1936, ina gia na vikucha vinavyohitaji oili nyepesi; grisi nzito huvinatisha. Yenye kitundu cha oili, tia matone machache mara kwa mara.

Swali: Grisi ya beringi za magari inafaa? Na mafuta ya kupikia je, kwa dharura?
Jibu: Ya magari inafaa, ila safisha ya zamani yote kwanza, zisichanganyike. Mafuta ya kupikia hapana kabisa, yakikaa yanageuka gundi.

Swali: Koni mpya imeingia nyuzi mbili ikaanza kuyumba. Baiskeli ni ya Uingereza.
Jibu: Isimamishe hapo hapo dada. Ekseli nyingi za nyuma za Uingereza ya zamani ni inchi 3/8 zenye nyuzi 26 kwa inchi, na koni za milimita 10 zinaingia lakini hazishiki. Nenda na ekseli yenyewe unapotafuta koni.

Swali: Nimemaliza kufunga, gurudumu linazunguka vizuri, lakini gololi moja imebaki kwenye sinia.
Jibu: Ni mpya au ya zamani? Kama ni ya zamani, itupe. Kama ni mpya, linganisha na hesabu uliyoandika. Ikiwa ndani imepungua, fungua tena leo, kabla hujaipanda.