Kuuza mashua ya tanga ya zamani iliyokarabatiwa: mwongozo kwa mwenye chombo anayeishi Dodoma

Sisi watumishi tuliohamia Dodoma baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamishia makao yake huku tuliacha pwani vitu visivyoweza kupakiwa kwenye lori. Wenzangu waliacha nyumba na mashamba. Mimi niliacha Tanga mashua ya tanga yenye urefu wa mita 9 na nusu, iliyoundwa Uingereza mwaka 1964 kwa mbao za mvule juu ya mataruma (mbavu za chombo) ya mwaloni, ambayo nilikuwa nimeikarabati kwa miaka minne. Niliendelea kuimiliki kwa muda nikijiambia kwamba likizo zitatosha kuitunza. Hazikutosha, kwa sababu chombo cha mbao kinahitaji mtu wa kukifungulia hewa na kukitazama kila wiki, na kutoka Dodoma kwenda Tanga kwa njia ya Morogoro, Chalinze na Segera ni safari inayokula siku nzima. Hatimaye niliiuza, na katika kuiuza nilikosea mara moja kabla ya kufanikiwa. Ninaandika kwa ajili ya yeyote mwenye chombo cha aina hiyo aliyeko mbali nacho.

Jambo la kwanza la kukubali ni kwamba mnunuzi mzoefu hanunui rangi mpya. Rangi mpya humtia shaka, kwa kuwa anajua jinsi ilivyo rahisi kuziba ubao uliooza kwa lipu na kuupaka ukang'aa. Anachotafuta ni uhakika juu ya yale asiyoweza kuyaona: boliti zinazoshikilia mkuku (uti wa chini wa chombo), misumari iliyozama ndani ya mbao, na vichwa vya mataruma vilivyojificha chini ya sitaha. Kwa hiyo, tangu siku unayoamua kuuza, kazi yako ni kumwonyesha mambo hayo kwa ushahidi.

Jalada la ukarabati

Anza na jalada, na uliandae ukiwa nyumbani Dodoma, kwa sababu hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo umbali hauizuii. Kusanya picha za kila sehemu kabla haijaguswa, wakati imefunguliwa na baada ya kumalizika. Picha zenye thamani kuliko zote ni zile za katikati, zinazoonyesha ubao mbovu umekatwa na ubao mpya bado haujapakwa rangi. Kando ya kila picha andika tarehe, jina la sehemu, aina ya mti uliotumika, aina ya misumari au skrubu, na gundi iliyowekwa. Ukipoteza risiti, omba taarifa ya miamala yako benki na kwenye simu, kwani malipo mengi ya mafundi na maduka ya vifaa hupita huko, na tarehe zake haziwezi kubishaniwa.

Usilipange jalada kwa miaka. Lipange kwa kufuata chombo chenyewe, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) na kutoka mkukuni hadi kwenye ncha ya mlingoti, ili mtu aliyesimama mbele ya ubao fulani aweze kufungua ukurasa wake mara moja. Mimi nilipanga la kwanza kwa miaka, na aliyekuja kukagua alilifunika baada ya dakika tano.

Ukame wa Dodoma unasaidia upande mmoja na kuharibu upande mwingine. Karatasi na matanga hukaa vizuri huku kuliko pwani, ambako ukungu huanza kuota kwenye mikunjo ya tanga baada ya wiki chache tu. Yatandaze uani asubuhi mapema, yapige mswaki mkavu kuondoa vumbi, yakunje tena kabla jua halijawa kali, na uyaweke mahali ambapo panya hawafiki. Kifaa cha mbao, kwa upande mwingine, usikilete kamwe. Niliwahi kuibeba kana, yaani mkono wa usukani, ili niipake vanishi nikiwa nyumbani wakati wa kiangazi. Ilipofika Septemba ilikuwa imepasuka kutoka kichwani kwa urefu wa kiganja, kwa kuwa ubao uliozoea unyevu wa bahari ulikuwa umekauka kuliko ulivyokauka maisha yake yote.

Ukaguzi wako mwenyewe

Kabla ya kutangaza, kikague chombo kana kwamba wewe ndiye mnunuzi, na uifanye kazi hiyo pamoja na fundi ambaye hakushiriki katika ukarabati. Vyombo vya kukagulia ni vichache: nyundo ndogo, bisibisi nyembamba na tochi. Gonga ubao mmoja mmoja kwa nyundo. Ubao mzima hujibu kwa sauti kali na nyundo inaruka. Uliooza hujibu kwa sauti iliyofifia, na nyundo hubaki pale ilipotua. Mzee aliyenisaidia Tanga aligonga sitaha yangu akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango, akasimama karibu na shina la mlingoti na kusema, "Mwanangu, hapa pamelala maji ya mvua." Nilichomeka bisibisi na ikaingia bila kusukumwa.

Maneno yake yanafaa kukumbukwa na kila mwenye chombo cha mbao. Maji ya chumvi hayaozeshi mbao kwa urahisi; hatari yake ni wadudu wa baharini wanaotoboa na metali zinazoliwa. Kinachoozesha mbao ni maji ya mvua yanayopenya kupitia sitaha na kukaa kwenye pembe zisizopata hewa. Kwa hiyo tafuta kwenye maungo ya sitaha, chini ya madirisha, kuzunguka mlingoti na ndani ya sanduku la mnyororo wa nanga, kwa bidii kubwa kuliko unavyotafuta chini ya maji.

Kisha ng'oa boliti za mkuku, angalau mbili. Ni kazi nzito na inachosha, lakini hakuna ushahidi unaoweza kuchukua nafasi yake. Boliti ya kwanza tuliyoing'oa ilikuwa nzima kichwani na nzima kwenye nati, lakini katikati, pale ubao unapokutana na chuma cha uzito, ilikuwa imeliwa hadi kubaki unene wa penseli. Nilizibadilisha zote, na ile iliyoliwa nikaihifadhi mezani kwangu huku Dodoma. Baadaye niliiweka mikononi mwa mnunuzi pamoja na picha za boliti mpya, na nilimwona akiigeuzageuza kwa muda mrefu kuliko alivyosoma ukurasa wowote wa jalada.

Vali zinazopitisha maji kwenye tumbo la chombo zitazame kwa makini. Zilizotengenezwa kwa brasi ya kawaida hupoteza zinki yake ndani ya maji ya chumvi, metali ikabaki na rangi ya waridi na kumeguka kama biskuti. Zikwangue kwa kisu, na ukiona waridi zibadilishe kwa bronzi kabla ya jambo lolote lingine. Nyaya za chuma cha pua zinazoshikilia mlingoti andikie umri wake, maana zikishapita miaka kumi hadi kumi na mitano kampuni za bima huanza kuuliza. Injini na matanga mnunuzi atayaona mwenyewe.

Jambo dogo lililonisaidia kuliko nilivyotazamia ni daftari la ndoo. Mashua ya mbao haikosi maji ya ngama, yaani yanayokusanyika chini ndani ya chombo, na anayedai kwamba yake ni kavu kabisa hasadikiki. Mwambie mlinzi aandike kila mara anapofua ngama: tarehe, idadi ya ndoo, na kama mvua ilinyesha. Daftari la miezi sita linaloonyesha ndoo mbili kila baada ya siku tatu, bila kupanda, linamweleza mnunuzi hali ya mbao chini ya maji.

Kosa langu

Mnunuzi wangu wa kwanza alisafiri siku mbili kuja Tanga. Nilikuwa nimemweleza kuhusu mkuku, sitaha na injini, lakini nilinyamaza kuhusu ubao mmoja laini ndani ya sanduku la mnyororo, nikiamini ni jambo dogo ambalo ningelirekebisha kwa siku moja. Mkaguzi wake aliukuta asubuhi ya kwanza. Ubao ule ungegharimu kiasi kidogo sana kulinganisha na bei, lakini kuanzia saa ile hakuamini tena chochote nilichosema, hata yale yaliyokuwa na picha, na aliondoka kesho yake. Alikuwa na haki. Nilirudi Dodoma nikaandika ukurasa mmoja wenye kichwa "Kasoro zinazojulikana", nikauweka mwanzoni mwa jalada, na kila aliyeuliza baadaye nilimtumia ukurasa huo kabla ya picha.

Nyaraka za kisheria

Kwa chombo kilichosajiliwa Tanzania Bara, wasiliana na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC. Kwa kilichosajiliwa Zanzibar, ni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Uliza mapema ni nyaraka zipi zinatakiwa kuhamisha umiliki, na uhakikishe kwamba namba ya injini, urefu na jina kwenye cheti vinafanana na chombo kilivyo baada ya ukarabati, kwa sababu ukibadilisha injini bila kutoa taarifa, hitilafu hiyo itajitokeza siku mbaya kuliko zote. Kama chombo kiliingia nchini kwa kibali cha muda chini ya bendera ya kigeni, usimuuzie mkazi wa hapa kabla ya kufika Mamlaka ya Mapato kujua ushuru na kodi zinazodaiwa, na mkubaliane kwa maandishi nani atazilipa. Leseni ya redio hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Utambulisho wa redio uliosajiliwa kwa jina lako usiendelee kutumika kwa mtu mwingine.

Bei taja kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, ingawa wenye vyombo walikuwa wamezoea kuhesabu kwa dola.

Bei na wakati wa kuuza

Usijumlishe gharama za ukarabati na kuziita bei. Hili lilinichukua muda kulikubali, na ninajua linauma. Soko hulinganisha mashua yako na nyingine za urefu na umri huo zilizouzwa. Ukarabati mzuri huipandisha hadi juu ya kundi lake na kuharakisha mauzo, lakini haurudishi fedha zote, na siku ulizotumia ukisugua mbao kwa msasa hazirudi hata kidogo.

Tangaza kabla msimu wa kusi haujapata nguvu. Kusi, upepo wa kusini, huvuma takriban kuanzia Aprili, na miezi ya Juni hadi Agosti huchafua bahari. Anayepanga kusafiri na kaskazi, upepo wa kaskazini unaoanza kushika Novemba na Desemba, anataka awe na chombo tayari miezi kadhaa kabla. Wakati huohuo chuja wanaouliza. Bwana mmoja wa hapa Dodoma alitaka kuipeleka mashua yangu katika bwawa la Mtera, na nia yake ilikuwa njema, lakini chombo chenye mkuku wa kina cha mita moja na nusu hakifai katika maji yenye visiki vya miti iliyozama. Nilimshauri atafute boti ya faiba yenye tumbo bapa.

Siku ya ukaguzi na makabidhiano

Ukiwa Dodoma, panga safari ya ukaguzi kwa kalenda ya mwezi. Katika pwani yetu maji ya bamvua, yanayofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Hiyo ina maana kwamba unaweza kukiegemeza chombo kwenye magogo mchangani alfajiri kikiwa bado kinaelea, na mkaguzi akapata saa kadhaa za mwanga mzuri kukizunguka kwa miguu. Ukienda wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mtapoteza safari nzima. Injini iache baridi. Mnunuzi aiguse kwa mkono kabla haijawashwa, ajue kwamba hukuipasha moto mapema. Gharama za mkaguzi na za kukipandisha chombo kwa desturi hulipwa na mnunuzi, na gharama za kukirudisha majini salama mkubaliane kabla.

Mkataba uandikwe na wakili, ukitaja amana, ambayo mara nyingi ni asilimia 10 ya bei, na masharti yanayomruhusu mnunuzi kurudishiwa baada ya ukaguzi na majaribio ya baharini. Orodha ya vifaa iambatanishwe hadi nanga ya akiba na kamba zake. Usitoe funguo kabla benki haijathibitisha kwamba fedha zimeingia.

Fedha zikishaingia, kaa na mmiliki mpya ndani ya chombo walau siku mbili, mtweke matanga pamoja, na umwonyeshe jinsi injini inavyopenda kuwashwa. Kabla hujateremka, mpeleke kwenye kila vali iliyo chini ya sakafu, mwache aifunge na kuifungua kwa mkono wake mwenyewe, kisha mkabidhi daftari la ndoo likiwa limeandikwa hadi asubuhi hiyo.